Nilisema Uji na Ndizi

Mmeniomba, ninyi wauguzi wa zamu za sasa, niandike kuhusu bangi. Nilipopata ujumbe wenu nilicheka peke yangu jikoni, maana miaka yote ile ya chumba cha dharura nilidhani mtu akija kuniuliza kitu ataniuliza kuhusu kuungua, au nyoka, au akina mama wanaofika kwa mtumbwi uchungu wa kuzaa ukiwa umeshakolea. Lakini mmeona kwenye simu kwamba kuna nchi zimeiruhusu, inauzwa dukani na risiti unapewa, na mnataka kujua sisi wa kando ya ziwa tutawapokeaje wagonjwa siku ikifika huku. Ndugu zangu, mimi sheria siijui. Najua kwamba kwetu bado ni jela, na najua waliopita mlangoni kwetu, ambao hawakusubiri sheria ya mtu. Nitawaeleza hao, na mwisho nitawaeleza mmoja wa nyumbani kwangu, kwa sababu bila huyo haya mengine yote ni maneno ya darasani.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vyeupe vipya. Kufika saa nne vilikuwa na rangi ya mawese, kwa sababu mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mbeba madumu aliyeteleza sokoni na mzigo wake, na nusu ya mzigo alikuja nao mwilini. Aliyekuwa zamu alikuwa Mzee Rajabu, afisa tabibu, mzaliwa wa Ujiji, mwembamba, mwenye kofia ya viua na sauti ya chini. Alinitazama miguu akasema, "Karibu kazini, Eufrazia. Kesho vaa vyeusi." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo elekezi yangu.

Vifaa vyetu ungevibeba kwenye beseni moja. Mashine ya presha moja, vipimajoto viwili, tochi ambayo betri zake tulizianika juani, na ambu, ule mfuko wa mpira wa kumpulizia hewa mtu aliyeacha kupumua. Mzee Rajabu aliutundika kwenye msumari karibu na dirisha, na hakuna aliyeruhusiwa kuuhamisha hata akiwa mganga mkuu. Alikuwa akisema ukiutafuta umeshachelewa.

Kifaa chake kikubwa lakini kilikuwa kigoda. Wengine walimhoji mgonjwa wakiwa wamesimama, kalamu mkononi. Yeye alivuta kigoda akakaa chini kuliko ndugu wa mgonjwa, na kama kulikuwa na askari aliyekuja na majeruhi wake na fomu zake, alimwambia kwa upole, "Afande, hapo nje kuna upepo mzuri wa ziwa." Kisha ndipo anauliza. Hakuuliza kama mtu amevuta bangi. Aliniambia, ukiuliza hivyo umeshajibiwa, jibu ni hapana, hata kama moshi bado unamtoka. Yeye aliuliza, "Nisaidieni, kuna dawa yoyote nisimpe huyu? Kuna kitu mwilini kitakachogombana na dawa yangu?" Watu walikuwa tayari kumsaidia mzee wa watu asikosee, na hapo wakasema.

Vijana wa dagaa walituletea wenzao mchana kweupe, macho mekundu, midomo mikavu, moyo unakimbia. Mmoja alinikamata mkono akaniambia, "Sista, moyo unataka kutoka, ushike." Nikaushika, ningefanyaje? Nilimwekea kiganja kifuani karibu saa nzima. Wengi wao hawahitaji zaidi ya hapo: mahali pa kimya, maji, presha na sukari vipimwe, kifua kisikilizwe, mtu mmoja wa kuongea naye taratibu. Msiwacheke, na msiwahubirie, maana mtu anayeamini anakufa hasikii mahubiri. Mahubiri niliyaacha kwa mapadri na mashehe, ambao nao walituletea wagonjwa mara moja moja.

Sasa niwaambie kosa langu. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini alipofika Bibi Zaituni kutoka Kagunga, mvuvi wa zamani, mjane, amesafiri kwa boti na mjukuu wa miaka miwili mgongoni. Mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholoa. Joto hakuna. Darubini ikasema hana malaria, nasi wakati ule tuliiamini darubini pale tu iliposema malaria ipo. Bibi alijibu kila swali langu kwa neno moja, "Sijui." Mzee Rajabu akavuta kigoda. Walisalimiana kwa Kiha, tena kwa kirefu, habari za samaki, habari za mvua, mpaka nikaanza kukasirika. Ndipo akamwuliza, "Bibi, mbali na mtoto, nyumbani nani mwingine anaumwa?"

"Kuku," akasema Bibi Zaituni.

"Mdondo?"

"Mdondo."

"Na umewapa nini?"

Bibi alimtazama, akanitazama na mimi, akatazama mlango. Akasema amechemsha majani, yale majani, kama mama yake alivyowafanyia kuku wake, akaacha sufuria uani ipoe. Mtoto aliamka na kiu.

Hakuna sindano ya kumtoa mtoto bangi mwilini. Wanaowaambia maziwa, wanaowaambia mafuta ya nazi, waambieni wayapikie. Tulimlaza ubavu asipaliwe, tukampima sukari, tukamfunika asipoe, na mimi nikapewa kazi moja tu: kuhesabu anapumua mara ngapi kwa dakika, niandike, nihesabu tena. Kesho yake saa tano asubuhi alifungua macho akadai ugali. Bibi Zaituni alikaa chini kwenye sakafu akalia bila sauti, na Mzee Rajabu akajifanya anatafuta kitu dirishani.

Kwenye chumba cha chai mimi nilikuwa fundi wa kusimulia. Siku ile niliwapa kisa cha kuku wa Kagunga, nikawaigiza kuku wenyewe, mmoja anayumba, mmoja anamwimbia jogoo wimbo wa mapenzi. Watu walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Nilitaja kijiji. Nilitaja na jina. Usimwage mtama penye kuku wengi, tuliimbishwa shuleni, na mle ndani kuku mmojawapo alikuwa na sare ya polisi. Wiki haikuisha, Bibi Zaituni akachukuliwa nyumbani kwake, akakaa mahabusu siku nne.

Sikujua mpaka Ijumaa moja, mwezi mmoja baadaye. Mzee Rajabu alikuwa msikitini, niko peke yangu na mhudumu mmoja. Akaingia mama kijana wa Kagunga na mtoto wa kike, amelegea, mikono inashtukashtuka. Nikamwuliza amekula nini. "Hakuna." Amekunywa nini? "Maziwa yangu." Nilimwuliza na ile ya Mzee Rajabu, kuna kitu kitakachogombana na dawa. "Hakuna, ni degedege." Nikachukua sindano ya degedege, ile inayomlaza mtoto, nikamchoma. Ikamkuta tayari amelazwa na kitu kingine. Baada ya dakika chache kifua chake kilikuwa hakipandi.

Nilitundua ambu msumarini nikaanza kubonyeza. Hujui urefu wa hotuba ya Ijumaa mpaka uisubiri ukiwa umeshika pumzi ya mtoto wa mtu. Mzee Rajabu aliingia na kanzu yake nyeupe, akaona, akanipokea, nikampokea, tukabadilishana mpaka alasiri, na yule mtoto akakohoa, akavuta ya kwake mwenyewe. Mama yake ndipo akafungua kinywa. Alisema mumewe anaweka majani kwenye kopo, mtoto kayatafuna. Akasema, "Bibi Zaituni alituambia tukija kwenu tusiseme chochote. Yeye alisema, akafungwa."

Mzee Rajabu alivua kofia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Akaniambia, "Sindano hii hukuichoma leo, Eufrazia. Uliichoma siku ile ya chai." Hakunipeleka kwa mkubwa yeyote. Jumapili iliyofuata alinisubiri ufukweni akiwa na nauli ya watu wawili, tukaenda Kagunga.

Bibi Zaituni alitukaribisha vizuri, na hilo ndilo liliniuma. Nilipiga magoti, nikasema yote, nikamwambia mdomo ulikuwa wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza migebuka juu ya moto. Akasema, "Nimesikia." Akatupa ugali wa muhogo. Tulipokuwa tunaaga akasema, "Kuku wote walikufa nikiwa ndani. Hapakuwa na mtu wa kuwapa maji." Nilimpelekea tetea wawili na jogoo, akawapokea, akashukuru. Lakini neno nililolifuata Kagunga hakunipa. Alifariki miaka mingi baadaye, na mpaka leo nikiona boti ya upande ule inatia nanga ninatamani ashuke mwanamke mmoja mwembamba aje aniambie yamekwisha.

Kuanzia hapo nilinyamaza. Watu wa chai walidhani nimeokoka. Kwenye faili niliandika kile ambacho zamu inayofuata itahitaji ili imhudumie mgonjwa, likakaa kabatini na ufunguo mfukoni mwangu. Ilichukua miaka watu wa mwambao kuanza kusema tena. Ilikuwa kama kumfuga paka wa porini, huwezi kumkimbilia.

Walianza kurudi kidogo kidogo, na kila mmoja alitufundisha kitu. Kulikuwa na mvuvi wa Ilagala aliyetapika miaka mitatu. Ametibiwa vidonda vya tumbo, ametibiwa minyoo, amezinguliwa uchawi na waganga wawili kwa malipo ya mbuzi wake wawili. Akilazwa kwetu aliomba kitu kimoja, ndoo ya maji ya moto akaoge, na akioga anatulia, akitoka anaanza tena. Wahudumu walimwita Bwana Harusi. Hata Mzee Rajabu hakujua. Ni daktari mmoja kijana, aliyepangiwa kwetu kutoka mbali na ambaye tulimcheka kwa kuogopa dagaa wenye vichwa, aliyetuambia kwamba mvutaji wa kila siku wa miaka mingi hufikia kutapika hivyo, na kwamba maji ya moto ndiyo alama yenyewe, na dawa yake ni kuacha. Mvuvi alipoambiwa alikataa katakata, akasema bangi ndiyo inayomsaidia kichefuchefu. Alirudi mara nne. Mara ya tano alikuja kutusalimia tu, amenenepa, na samaki mkononi. Kwa hiyo mkiona mtu anatapika na anapenda bafu kupita kiasi, kaeni kwenye kigoda.

Wako pia wale ambao akili ziliwatoka, wakarudi au hawakurudi. Mimi si mtu wa kuwadanganya kwamba ni jani tu. Nimewafunga kitandani kwa mashuka vijana niliowaona wakibatizwa. Kuna mama mmoja wa Gungu bado anamwekea mwanawe sahani mezani.

Mzee Rajabu alistaafu, akarudi Ujiji. Nilimtembelea kila nilipopata siku ya mapumziko. Swali lake lilikuwa, "Leo wamekuja wangapi?" nami nikamsimulia bila majina, naye akafumba macho akisikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Siku moja nilifika nikakuta viti vimepangwa nje. Namkumbuka. Nawaambia waziwazi, wala sina aibu: nimezika wazazi wangu wote wawili, na bado mtu ninayemtafuta kwa macho nikiwa na jambo gumu ni yule mzee na kigoda chake. Nakumbuka harufu ya spiriti asubuhi, sakafu ikiwa bado na unyevu. Nakumbuka hata kelele za kitanda namba tatu, kilichokuwa na gurudumu bovu tangu naajiriwa mpaka naondoka.

Basi nikastaafu, nikakaa nyumbani Gungu na mjukuu wangu Jeni, mtoto wa binti yangu anayefanya kazi Kasulu. Jeni ana miaka minne. Na mwaka huo huo mwanangu Daudi akaja likizo.

Daudi anaishi ng'ambo, kwenye mojawapo ya hizo nchi mnazozisoma. Anapakia mizigo ghalani, na mgongo umeharibika. Kule, aliniambia baadaye, anakula pipi za bangi jioni ili alale. Ananunua dukani kama sisi tunavyonunua chumvi. Akasafiri nazo bila kufikiri, au akifikiri kwamba ni pipi tu. Na ninyi mnajua desturi yetu: mgeni wa mbali akifika, begi lake si lake. Watoto wanalizunguka kabla hajanywa maji. Jeni alikuwa ameshapewa viatu, ameshapewa gauni, na alijua kwa hesabu zake kwamba mjomba wa ng'ambo hakosi pipi.

Ilikuwa mchana. Daudi alikuwa usingizini, amechoka na safari. Nilikuwa nachambua mchicha nikamsikia Jeni anacheka peke yake, cheko refu lisilo na sababu, kisha kimya. Nikamkuta kwenye korido ameegemea ukuta, anateleza taratibu kwenda chini. Nikamfunua jicho. Nikagusa ulimi, mkavu. Nikashika mshipa. Sikuhitaji darubini. Niliingia chumbani kwa Daudi nikaona pakiti mkekani, imefunguliwa, na picha ya lile jani juu yake. Niliikunja nikaifunga kwenye pindo la kanga yangu. Nikamwamsha Daudi, tukapanda bajaji.

Aliyetupokea ni Rehema. Wengi wenu mnamjua, nilimfundisha mimi mwenyewe, kigoda cha zamani yeye ndiye aliyekirithi. Akaniamkia hata kabla hajamshika mtoto, "Shikamoo Mama," akamlaza Jeni ubavu, akatazama kifua. Kwenye benchi palikuwa na askari na majeruhi wa pikipiki. Daudi alisimama nyuma yangu, nasikia anavyohema. Rehema akaniuliza, "Mama, amekula nini?"

Nikasema, "Uji. Na ndizi."

Jamani. Miaka yote ile nimewaambia watu mficha maradhi kifo humuumbua. Nimewaambia wajane, nimewaambia vijana, nimemwambia mama mwenye mtoto asiyepumua. Na swali lilipogeuka likanitazama mimi, nilimwona mwanangu anatolewa nyumbani amefungwa pingu, majirani wamesimama barazani, nikasema uji na ndizi. Wala haukuwa uongo. Alikuwa amekula uji na ndizi.

Rehema aliandika. Hakuuliza mara ya pili, hakukaa kwenye kigoda, hakumwondoa askari. Aliandika "uji, ndizi" kwa mwandiko wake mzuri, kwa sababu ni mimi niliyesema. Nilitazama ile kalamu ikitembea, na nikaelewa kwamba mtu mwingine yeyote mjini angehojiwa vizuri kuliko mjukuu wangu. Ningekuwa muuza dagaa asiyejulikana, mtoto angekuwa salama zaidi.

Nikamwambia, "Rehema, mtoe afande." Akanitazama, akamtoa. Nikafungua pindo la kanga mbele ya mwanangu nikaweka pakiti mezani. Nikasema, "Ni bangi. Ni ya Daudi. Sijui ngapi."

Daudi akasema kwa sauti ndogo, "Mama."

Rehema akageuza pakiti akasoma nyuma. Hapo niwasifu wanaouza kwa sheria: wameandika kila pipi ina kiasi gani, jambo ambalo sufuria ya Bibi Zaituni haikuwa nalo. Alihesabu zilizobaki, akajua Jeni kala tatu, kipimo cha mtu mzima mara kadhaa, na kwamba za kula huchelewa, kwa hiyo kilichokuwa kinakuja kilikuwa kikubwa kuliko kilichofika. Akasogeza oksijeni. Akatundua ambu, akailaza kando ya mto. Jioni ile Jeni alipumua kwa uzito mpaka nikawa nahesabu kwa midomo, na Rehema akaniambia, "Mama, hapa wewe ni bibi wa mtoto. Kuhesabu ni kazi yangu." Nikakaa, nikawa bibi, na sijui kama kuna kazi ngumu zaidi.

Jeni aliamka kesho yake mchana, amekasirika, anadai viatu vyake vipya. Yuko mzima, anasoma chekechea. Rehema hakumwambia mtu. Hakuna aliyekuja kugonga kwangu.

Lakini Daudi alibadilisha tiketi akaondoka siku ya tatu. Uwanjani aliniambia, "Ungeniangalia kwanza, Mama. Ungeniuliza kabla ya kunitaja." Miezi ikapita, simu anapokea za dada yake tu. Nimekuwa na hamu na mwanangu akiwa mzima na yuko hai, na hiyo ni hamu mbaya kuliko ya marehemu, maana huna hata kaburi la kupalilia.

Mlipoomba niandike, nilikumbuka chumba cha chai. Nikamsomea Daudi haya yote kwenye simu, nikarekodi kipande kwa kipande nikamtumia, nikamwambia akikataa nitachoma. Siku sita kimya. Leo asubuhi amejibu kwa sauti. Anasema: "Andika, Mama. Weka na jina langu. Ila pale unaposema nilikuwa usingizini, si kweli. Nilimwona anakula ya tatu. Nikafumba macho, nikasema labda haitamfanya kitu. Ulipokuja kuniamsha nilikuwa macho."

Nimeisikiliza mara tatu, nimekaa hapa na mchicha wangu. Pale juu sijafuta kitu, ili muone mtu anavyoweza kuandika kitu kwa moyo mmoja na kikawa si kweli. Kisha nikampigia. Akapokea haraka. Nikamsikia anavyohema, na mimi nikamwuliza mgongo unaendeleaje.